Kapu la Maharage la Bibi Mpawenimana

Kabla sijasema lolote kuhusu kapu niseme kuhusu jicho, maana bila jicho hilo kapu lisingesukwa.

Bibi Mpawenimana ni jirani yangu hapa Murubona, Kasulu. Ni mama yake Marselino, fundi baiskeli, na nyumba yao na yangu zimetenganishwa na ua wa minyaa ambao kuku wanaupita wanavyotaka. Jicho lake la kulia lilichomwa na bua la muhindi zamani sana, likafa. Akabaki na la kushoto. Mwaka juzi, mwezi wa pili, la kushoto nalo likaanza kuuma na kutoa machozi bila kukoma, Marselino akampandisha basi hadi Kibondo, ambako walikuja madaktari wa macho kwa wiki moja. Alirudi na chupa mbili za dawa ya matone, na maneno ambayo mtaa mzima tuliyajua kabla ya magharibi. Kuna kidonda kwenye kioo cha jicho. Atie dawa mara nne kwa siku, na asikae tena kwenye moshi. Akiendelea na moshi, alisema daktari, mwaka hautaisha kabla hajawa kipofu.

Sasa, kumkataza Bibi Mpawenimana moshi ni kama kumkataza bata maji. Huyu ni mtu aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa binti wa miaka kumi na sita. Aliolewa Buhigwe, akazaa saba, akazika wanne na baba yao, akapata uraia uzeeni, kisha akahamia kwa Marselino. Katika miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa moja, kuchochea moto wa maharage. Mkewe Marselino, Divine, anashinda shamba. Marselino anashinda kibandani na spoku zake. Binti yao Ange yuko shule, kidato cha pili. Bibi ndiye aliyekuwa anabaki na mafiga matatu, na waliporudi walikuta chakula. Hilo ndilo lililomfanya awe mtu wa nyumba ile na si mgeni aliyezeekea humo, na yeye alilijua vizuri kuliko wote.

Alikuwa pia na desturi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Ukipiga hodi kwake, hajakuuliza hata umeamkaje, anafunua chungu uone kilichomo. Chungu kwake ni kila chombo cha kupikia, hata sufuria. Kama ni maharage utaona maharage. Kama ni maji matupu yanachemka, utaonyeshwa maji. Siku ya kwanza nilidhani ananiomba nionje chumvi. Baadaye akanieleza kwamba walipovuka mwaka ule, yeye na mama yake, waliingia kwenye ua wa watu jioni, na mwanamke aliyekuwa jikoni akafunika chungu haraka. Waliondoka.

"Mtu akikuta unafunika chungu analala na njaa mbili," aliniambia. "Ya tumbo, na ya kufichwa."

Mimi ni Adija, mtaani wananiita Mama Zuhra. Asili yangu Ujiji. Kwetu mgeni anakaribishwa kwa maneno mengi mpaka anachoka, kisha ndipo anapewa sahani. Mimi ni mama lishe, nina mioto miwili au mitatu kila siku chini ya bati, nawapikia bodaboda na makarani wanaokuja na vitambulisho shingoni. Ninapika nilivyofundishwa na mama yangu, na mambo ya kwenye simu siyataki. Nalisema hili mapema ili msidhani nilikuwa upande wa wale jirani zangu.

Maana jirani zangu walikuwa na ugonjwa. Marselino alimnunulia Ange simu ya mtumba ili asomee, na kweli alisomea, lakini Jumamosi simu ile ilikuwa ya nyumba nzima. Walikaa wote kwenye mkeka, wanamtazama mtu wa nchi nyingine anageuza kitu kilichotupwa kuwa kitu cha ndani ya nyumba, halafu na wao wanainuka kufanya hivyohivyo. Walianza na viti vya matairi. Marselino alifunga matairi mawili ya pikipiki kwa kamba, akaweka ubao juu, akapaka rangi nyeusi ili kipendeze. Kiti kilikuwa imara, sikatai. Ila rangi haikukauka vizuri, na wa kwanza kukikalia alikuwa katekista, amevaa suruali ya khaki.

Halafu ikaja sabuni ya mawese. Huku kwetu mawese si shida, na Divine alisema kwa nini tununue sabuni wakati mafuta tunayo. Wakachemsha, wakakoroga, wakamwaga kwenye maboksi ya maziwa, ikatoka sabuni ya rangi ya machungwa, nzuri kuitazama. Divine kwa furaha akajitolea kufua mashati meupe ya kwaya nzima. Jumapili ile wanaume wa sauti ya nne walisimama mbele ya kanisa na mashati ya manjano, wakaimba kama hakuna kilichotokea. Sikuwepo, mimi si wa kanisani, lakini niliyaona mashati yanapita njiani nikacheka mpaka binti yangu Zuhra akaniambia ni dhambi.

Lakini nikiri kitu. Jumamosi nyumba ile ilikuwa na kelele nzuri. Kwangu Zuhra ana simu yake na mimi nina redio yangu, na kila mtu anacheka chumbani mwake.

Basi aliporudi Bibi na maneno ya daktari, walihangaika. Divine alijaribu kumtoa jikoni kwa maneno, akashindwa, kwa sababu akishaondoka kwenda shamba nani atapika? Wangeweza kumnunulia mkaa, lakini mkaa nao anauwasha kwa vijiti, na anaupuliza uso ukiwa juu yake. Ange ndiye aliyepata jibu kwenye simu. Alinijia nalo mbio mpaka jikoni kwangu. Mama mmoja, sijui wa wapi, anachemsha maharage nusu saa tu, anaipua sufuria, anaitumbukiza ndani ya kapu lililojazwa mito, anafunika juu kwa mto mwingine, anaenda zake kazini. Akirudi maharage yameiva. Hakuna moto, hakuna moshi.

"Umeona, Mama Zuhra?" Ange aliniuliza.

"Nimeona," nikamwambia. "Hayo ni maharage ya kwenye simu. Ya Kasulu yanataka kuni."

Hakukasirika. Ana tabia ya bibi yake, ukimwambia neno baya anakutazama tu mpaka unaona aibu mwenyewe.

Walifanya kazi wiki mbili. Divine alishona mito kwa vitenge vyake vya zamani, akaijaza majani makavu ya mgomba na masweta yaliyochakaa. Marselino alikata mfuniko kwenye ubao mwembamba. Na kapu lenyewe, nani alisuka? Bibi. Hakuna mwingine pale anayejua kusuka. Alikaa barazani na matete na kamba za mgomba, jicho limefumbwa kwa dawa, akisuka kwa vidole, na kila aliyepita alimsimamisha aguse lilivyokaza. Ange alimweleza mara tatu kazi ya kapu. Bibi alikuwa anajibu "ego, ego," yaani ndiyo, na kuendelea kusuka. Sidhani kama aliamini kwamba maharage yanaweza kuiva bila mtu pembeni. Alikuwa na furaha kwamba amepewa kazi, na wenzake walikuwa na furaha kwamba jicho litapona, na mimi nikiwatazama juu ya ua niliona furaha hizo hazikuwa moja. Sikusema. Nilidhani ni mambo yao.

Jumamosi ya kwanza Divine alichemsha maharage alfajiri kwenye jiko la mkaa, nyuma ya nyumba, Bibi akiwa bado kitandani. Akaipua, akaitia sufuria kapuni, wakaliweka kapu barazani. Bibi akawekewa kiti karibu.

"Kaa hapa, Mama, utulindie," Divine akamwambia, wakaenda shamba wote.

Waliporudi saa saba maharage yalikuwa yanagonga sahani. Ilibidi Divine awashe moto, na Bibi akakaa mbele ya moto huo kuchochea, kwa hiyo siku ile jicho lilipata moshi mwingi kuliko siku zote.

Jumamosi ya pili waliongeza mito. Yakawa magumu vilevile. Jumamosi ya tatu Divine akasema maharage ni ya mwaka jana, yamezeeka, akaenda sokoni kununua ya njano mapya. Magumu. Marselino akasema labda huku kwetu mlimani kuna baridi, kapu ni la watu wa joto. Ange akarudia kuitazama ile video neno kwa neno, akasema jambo moja tu linakatazwa, kapu lisifunguliwe kabla ya muda wa saa tano kupita, maana mvuke ukitoka kazi imeharibika.

"Nani alifungua?" aliuliza. Marselino hakufungua, Divine hakufungua. Bibi hakuulizwa, kwa sababu mlinzi haulizwi kama ameiba.

Jumamosi ya nne niliamka na chekecheo lao ambalo nilikuwa nimeazima, nikaona nilirudishe kabla sijalivunja. Nikapiga hodi. Bibi alikuwa peke yake na kapu lake.

"Karibu, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu. Akatoa mto wa juu, akatoa ubao, akainua mfuniko wa sufuria, na mvuke wote ukapanda ukaenda zake. "Haya, ona. Leo ni maharage."

Nilisimama na chekecheo mkononi. Nikamuuliza, "Bibi, leo umewaonyesha watu wangapi?"

"Sijawahesabu. Wageni hawahesabiwi."

Nikaanza kumdodosa. Alikuwa amekuja mwenye maziwa. Alikuja katekista kuulizia mchango wa jumuiya. Alikuja Manirambona, ndugu yao anayefanya biashara ya vitenge Nyarugusu, na yeye akaonyeshwa mara mbili, akiingia na akitoka, kwa heshima ya safari. Mimi nilikuwa wa nne, na jua halijafika utosini. Na Jumamosi zilizopita mimi mwenyewe nilipitia pale kuomba moto na kuomba kisu, nikaonyeshwa maharage, nikasema yanapendeza.

Nilicheka. Nilicheka nikiwa narudi kwangu, na Divine alipotoka shamba nilimwita juu ya minyaa nikamwambia kwa sauti ya mtaa mzima, nikimwigiza Bibi anavyofunua. Ningeweza kumwambia polepole, mwanamke kwa mwanamke. Nilimwambia kama kichekesho, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kushinda dhidi ya lile kapu.

Walijaribu kumkataza. Kwanza Marselino kwa upole, kisha Divine kwa kupiga magoti, kisha Ange kwa kumsomea. Bibi alisikiliza wote. Siku iliyofuata wakalijaribu tena, akaja mwenye maziwa, na kapu likafunuliwa. Hakuwa anabisha, mkono wake tu ulitangulia. Jicho lilikuwa linaendelea kuwa jekundu, na zile chupa za matone zilikuwa zimefika nusu. Jumamosi ya tano Marselino alitoka kibandani na mnyororo wa baiskeli, ule wenye kufuli ndogo ya shaba. Akauzungusha kwenye kapu kupitia mishikio miwili, akafunga, akatia ufunguo mfukoni.

Nilikuwepo, nilileta ukwaju. Bibi alipapasa ule mnyororo kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaishika kufuli kwenye kiganja.

"Nimefungiwa chakula?" akauliza.

"Si wewe, Mama," Marselino akasema. "Tumefungia mvuke."

Bibi akaiachia kufuli.

Maharage yakaiva. Saa saba Marselino alifungua mbele ya familia nzima, na yalikuwa laini, yametoa rojo nzito, hakuna hata moja lililopasuka. Nililetewa bakuli. Nilikusudia kuyakosoa nikakosa pa kuanzia. Ange aliruka ruka. Divine alimshika mama mkwe wake mkono akamwambia, "Mama, umeona? Hutakaa tena kwenye moshi." Bibi alikula vijiko viwili akasema ameshiba.

Kuanzia hapo kapu likafanya kazi kila siku, Jumapili hata Jumatatu, na ufunguo ukawa mfukoni mwa Divine. Jicho likaanza kupona, hilo lazima niliseme kwa haki. Machozi yalikata. Mwishoni mwa mwezi wa tano Bibi aliniambia kuku wangu wawili ni wekundu na mmoja ana mabaka, na ilikuwa kweli. Matone yakafanya kazi yake na kapu kazi yake, na kama hadithi ingeishia pale ningesema simu imeshinda na mimi nimeshindwa, nikanyamaza.

Ila Bibi hakuwa na kazi. Alikaa karibu na kapu lililofungwa. Mgeni akija alimwambia karibu, mikono juu ya magoti, halafu wote wawili wanakosa la kusema. Watu wakaanza kupita bila kupiga hodi, si kwa ubaya, ni kwamba hawakujua waanzie wapi. Adhuhuri alirudi kitandani. Divine aliniambia anaacha chakula, anakula vijiko viwili vilevile, na haulizi tena habari za mtu yeyote.

Mwezi wa sita, asubuhi moja, alipita kwenye njia ya kuku akaingia jikoni kwangu.

"Kuni zako mbichi," akasema.

Zilikuwa mbichi. Mleta kuni alinidanganya, na moto ulikuwa unafuka tu, na wateja wangu wanakuja saa sita. Bibi aligeuza ndoo akaikalia, akavuta kuni mbili nje, akaziegemeza zikauke, akapanga zile nyembamba chini, akapuliza mara moja. Moto ukashika.

"Bibi, nenda nyumbani," nikamwambia. "Jicho lako."

"Jicho ni langu."

"Daktari alisema."

"Daktari alisema na mwanangu akafunga chungu kwa kufuli ya baiskeli. Kwako hakuna kufuli."

Nilipaswa kumshika mkono nimrudishe. Ningeweza, ana kilo ngapi yule? Nilijiambia ni siku moja. Kesho yake alikuja tena, nikajiambia kwamba wale kwao wamemdhulumu, na kwamba mimi ndiye niliyetangaza ile habari juu ya ua, kwa hiyo namfidia. Hizi ndizo sababu nzuri. Sababu nyingine ni kwamba maharage yake yalikuwa bora kuliko yangu, na bodaboda walianza kuja wawili wawili, wakimwita "Bibi wa maharage," na yeye anawafunulia chungu mmoja mmoja wanapofika, na wanacheka, na anawauliza majina ya mama zao.

Nilijitahidi, kama mwizi anavyojitahidi kusali. Nilinunua kuni kavu kwa bei ya juu. Niliiweka ndoo yake upande ambao moshi hauendi, na nikigeuka naikuta imesogea, kwa sababu upande ule haoni vizuri moto ulivyo. Nilimtilia matone ya adhuhuri kwa mkono wangu. Divine aliniuliza mara moja juu ya ua, "Mama yuko kwako?" nikamjibu, "Yupo barazani, tunapiga soga." Sikuwa na baraza kubwa ya kumficha mtu. Lakini Divine alisema ahsante, akaenda zake.

Mwezi wa nane machozi yakarudi. Niliyaona. Mwezi wa tisa jicho likawa jekundu na katikati kukawa na utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa, na mimi nikaendelea kumtilia matone. Kila jioni nilisema kesho nitamrudisha. Asubuhi namsikia anakohoa kwenye njia ya kuku, namsikia anaimba kidogo kwa Kirundi, na ninaona kwamba kesho bado haijafika.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa kumi, saa sita mchana, wateja wamejaa. Bibi alinyoosha mkono kwenye mfuniko akaukosa, akapapasa, akaupata. Akaniambia, "Leo mawingu yamekuwa mengi, Mama Zuhra. Mvua hii itakuwa kubwa." Nikatazama nje. Jua lilikuwa kali mpaka bati linalia. Bodaboda mmoja akafungua mdomo nikamtazama akaufunga. Nikamwambia Bibi ndiyo, mawingu ni mengi, nikamshika mkono nikampeleka kwao, siku ile ndipo nilipompeleka.

Marselino alimpeleka tena kwa daktari, safari hii mbali zaidi, hadi Kigoma. Walikaa siku nne. Jicho lilikuwa limekwisha. Daktari hakumlaumu mtu, walisema. Alisema vidonda vingine havisikii dawa. Mtaa ukasema maskini, na walivyohangaika na lile kapu. Nilisikia hilo sokoni, nikasikia kwa mwenye maziwa, na kila mara nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema. Wiki mbili sikukanyaga kwao. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi nilikuwa nangoja mtu asiniambie pole.

Divine ndiye aliyekuja. Ilikuwa alasiri, nimeshaosha vyombo, moto mmoja tu umebaki na maji juu yake. Alishika kigoda mkononi.

"Shikamoo, Mama Zuhra."

"Marahaba." Sikumwacha akae. Nilijua nikimwacha akae nitachemsha chai, na nikichemsha chai nitanyamaza tena. "Mama Ange, mama yenu hakuwa anakaa barazani kwangu. Alikuwa hapa. Anapika, kwenye moshi, tangu mwezi wa sita, kila siku. Nilikudanganya."

Divine aliweka kigoda chini.

"Ninajua," akasema. "Nguo zake nazifua mimi."

Nilimtazama. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyekwisha kuhangaika na jambo hilo peke yake.

"Siku ya kwanza tu nilijua," akaendelea. "Kitenge chote moshi. Baba Ange alitaka kuja kukugombeza, nikamzuia. Nikamwambia, subiri. Maana kwetu alikuwa anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Siku ile alitoka kwako akamaliza ugali, akamuuliza Ange mtihani ulikuwaje. Akacheka. Nikasema, wiki hii ipite kwanza. Halafu wiki nyingine. Kila Jumapili nilikuwa nasema kesho nitamkataza."

"Na mimi," nikasema.

"Najua na wewe."

Mimi ni mtu wa kukasirika, kulia si desturi yangu. Nililia. Na nusu ya kilio kile ilikuwa hasira, kwamba miezi minne tulikuwa wawili tunalizima jicho la mtu mmoja, kila mmoja upande wake wa minyaa, kila mmoja anaahirisha peke yake, na hakuna aliyemwita mwenzake hata siku moja. Divine hakunibembeleza. Alingoja nimalize.

Kisha akakiinua kile kigoda akanionyesha. Kilikuwa kifupi, cha kimo cha mafiga, na kina mgongo wa kuegemea. Mgongo huo ulikuwa umepinda kidogo, ukafuata umbo la mtu mzee.

"Baba Ange amekichonga. Alikiona kwenye simu ya Ange, akapima mgongo wa Mama kwa kamba akiwa amelala. Anasema ndoo yako inamuumiza kiuno." Akakipangusa kwa kiganja. "Mama anauliza kama aje kesho. Daktari amesema jicho limekwisha, moshi hauna cha kuchukua tena."

"Aje," nikasema.

Nilikipokea kigoda nikakiweka karibu na moto, upande ambao moshi hauendi. Divine alikitazama pale nilipokiweka. Akainama, akakinyanyua, akakihamishia upande wa pili, mahali ambapo Bibi anapenda kukaa.